Mwanangu anataka kuwa kocha wa mstari wa mbele. Hiyo ni kazi?

Swali: Kocha, habari za kazi. Sisi ni Wakongo, tunaishi Cedar Rapids, Iowa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 22. Alicheza mpira wa Kimarekani kwenye chuo kidogo hapa hapa jimboni, wale wanene wanaosimama mbele, na mwezi wa tano anamaliza shahada ya biashara. Baba yake alishamtafutia nafasi benki. Sasa kijana anasema amepata kuwa msaidizi kwenye timu ya chuo kingine, mbali na hapa. Analipiwa karo ya uzamili na posho ya kula, na anachotaka ni kuwa kocha wa hao wa mstari wa mbele. Watu kanisani wanatuambia makocha wanafukuzwa kila mwaka. Hiyo ni kazi kweli? Itamfikisha wapi?

Jibu: Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nililisoma kwa sauti, kwa sababu miaka 21 iliyopita mama yangu aliniuliza karibu maneno hayo hayo, tukiwa jikoni, na sikuwa na jibu la kumpa. Nilicheza gadi wa kulia kwenye chuo kidogo, nikaanza kama anavyotaka kuanza mwanao, na tangu hapo nimefundisha mstari wa mbele kwenye vyuo vinne. Kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka. Ndiyo, ni kazi, na ni kazi ya ualimu. Malipo yake yanachelewa, inahamisha watu kama jeshi, na riziki yako inakaa mikononi mwa mtu mwingine. Mtu akiingia huku anayajua hayo, anaweza kuishi nayo vizuri. Nimeona wengi walioumia kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Kwanza kazi yenyewe, maana hata Wamarekani wanaojaza viwanja kila Jumamosi wengi hawaijui. Timu inayoshambulia ina watu 11 uwanjani. Watano wanajipanga mbele kabisa: katikati senta, pembeni yake magadi wawili, na nje yao matekoli wawili. Senta anautoa mpira kati ya miguu yake kumpa kwotabeki, yule mrushaji, na baada ya hapo hakuna kati ya hao watano atakayeugusa tena. Kazi yao ni kufungua njia ya mkimbiaji na kumlinda kwotabeki asiangushwe. Hawana magoli, hawana takwimu. Jina la mmoja wao likitangazwa kwenye kipaza sauti, mara nyingi ni kwa sababu amemshika mpinzani na timu inarudishwa yadi 10. Mtu anayechagua kuwafundisha hao, mama, hajachagua kwa kutafuta sifa. Hilo peke yake linakueleza kitu kuhusu mwanao.

Sasa kuna kitu kimoja kinachoifanya kazi hii kuwa tofauti na nyingine zote za mpira. Mkimbiaji mmoja mzuri anaweza kuiokoa timu mbovu. Kwenye mstari haiwezekani. Wanne wakifanya sawasawa na mmoja akakosea, wote watano wamekosea. Nikupe mfano unaoujua. Wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, huyu akiinua mchi yule anashusha, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Wanasikilizana kwa mlio. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana. Upande wa ulinzi una hila ya kuwatibulia vijana wetu mlio huo: walinzi wawili wanakimbia kwa kupishana, wa ndani anatokea nje, wa nje anaingia ndani. Gadi na tekoli wakimfuata kila mtu wake, wanagongana wao kwa wao na kwotabeki analala chini. Inabidi wakabidhiane watu wakiwa mwendoni, bila kuangaliana, katika muda usiofika sekunde mbili. Kocha wa mstari ndiye anayewafundisha watu watano waliotoka nyumba tano tofauti kutwanga kinu kimoja.

Na anaanzia chini kabisa, kwenye mguu. Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa na kijana wa kilo 140, mwenye nguvu za trekta, lakini hatua yake ya kwanza ilikuwa ndefu, kama inchi 12. Mguu ukikaa hewani muda wote huo, mpinzani akikugusa tu unayumba. Nilimbandikia utepe mweupe kwenye sakafu ya jimu, inchi 6 mbele ya kidole gumba. Akapiga hatua, akapitiliza. Akarudi, akapiga, akapitiliza. Siku ya tatu nikamwambia avue viatu, afanye na soksi, ili aisikie sakafu. Wiki ya pili mguu ulianza kutua kwenye utepe bila yeye kuutazama. Mechi ya nne ya msimu, kwenye video, unaona ule mguu unatua pale pale, mgongo unabaki chini, mikono inaingia kifuani kwa mpinzani, na mkimbiaji wetu anapita ubavuni kwake yadi 7. Mtangazaji alimsifu mkimbiaji. Mimi niliirudisha ile video mara sita, na ya sita nilimwita mke wangu aione.

Video ndiyo ofisi yetu. Jumamosi mnacheza, Jumapili asubuhi kocha ameshakaa gizani na rimoti. Mchezo mmoja wa timu yake una mapigo, yaani kila mara mpira unapotolewa hadi unaposimamishwa, sitini, sabini, wakati mwingine zaidi, na kila pigo analitazama mara tano, mara moja kwa kila mtu, akiandika alama: hatua, mikono, mtu sahihi, amemaliza au ameachia mapema. Halafu anapanga somo la wiki kulingana na mpinzani ajaye. Wachezaji wana kikomo cha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Kocha hana kikomo. Kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja utampigia simu saa nne usiku na utamkuta bado ofisini, na hatakuwa anakudanganya.

Kuna akili pia, na hapa ndipo watu wanapowadharau hawa vijana wanene bila haki. Kabla mpira haujatoka, senta anasoma jinsi ulinzi ulivyojipanga na kuwatangazia wenzake nani anamchukua nani. Uwanja ukiwa na kelele za watu elfu themanini, hawasikilizani, kwa hiyo wanatumia ishara ya kichwa au mguso. Hata sheria zinabadilisha ufundishaji. Vyuoni mtu wa mstari anaruhusiwa kuingia hadi yadi 3 mbele kabla mpira haujarushwa, kwa timu za kulipwa ni yadi 1, na kwa sababu hiyo ndogo mapigo mengi yanayofaa chuoni hayafai kule juu. Kocha asiyesoma hawezi kuifanya kazi hii muda mrefu.

Nije kwenye ngazi. Hiyo nafasi aliyopata mwanao watu wa mpira wanaiita GA, msaidizi anayesoma uzamili. Kwa kawaida ni miaka 2. Atachora kadi za mapigo ya mpinzani, atakata video, atawapokea wazazi uwanja wa ndege, atabeba maji, na akibahatika atapewa senta wa akiba amfundishe. Baada ya hapo anatafuta nafasi ya kufundisha mstari kwenye chuo kidogo, au anakuwa mchambuzi kwenye chuo kikubwa. Zamani mchambuzi hakuruhusiwa kufundisha uwanjani. Tangu 2024 NCAA imelegeza hilo katika ngazi ya juu, na ni habari njema kwa vijana kama wake. Ngazi ya juu ina vyuo zaidi ya 130. Chini yake kuna mamia mengine, pamoja na vile vya daraja la tatu ambavyo havitoi ufadhili wa michezo kabisa, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kufundisha mstari. Anayepanda zaidi anaweza kuwa mratibu wa mashambulizi, kisha kocha mkuu. Wengi hawapandi, na si kwa sababu wameshindwa. Wamepata wanachokipenda, wakabaki nacho.

Mifano huna haja ya kuitafuta mbali, mama, iko mlangoni kwako. Kutoka kwenu hadi Iowa City ni kama nusu saa kwa gari. Kocha mkuu pale, Kirk Ferentz, ni kocha wa mstari hadi leo hii moyoni mwake. Na tazama alivyoanza. Alicheza chuo cha Connecticut, tena upande wa ulinzi. Alipomaliza alikwenda shule ya Worcester Academy, akawa anafundisha fasihi ya Kiingereza darasani na mpira jioni. Mwaka 1980 akawa GA chuo cha Pittsburgh, kazi ile ile anayoitaka mwanao, chini ya Joe Moore, aliyekuwa kocha wake tangu sekondari. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25, Iowa wakamwajiri afundishe mstari. Akakaa miaka 9. Akaenda Maine kuwa kocha mkuu, akapoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, akafundisha mstari timu za kulipwa za Cleveland na Baltimore miaka 6, kisha akarudi Iowa 1999. Msimu huo wa kwanza alishinda mechi 1 na kupoteza 10. Uliofuata, alishinda 3 na kupoteza 9. Hawakumfukuza. Leo hakuna kocha mkuu wa ngazi ya juu aliye kazini ambaye amekaa chuo kimoja muda mrefu kuliko yeye.

Na huko Iowa ndiko unakoona ualimu unafanya nini. Robert Gallery aliingia akiwa mdakaji wa pembeni, wakamgeuza tekoli, na mwaka 2004 akachaguliwa wa pili katika nchi nzima kwenda timu za kulipwa. Tyler Linderbaum aliingia akiwa mlinzi, wakamgeuza senta, akashinda tuzo ya senta bora wa vyuo 2021. Tristan Wirfs ni mtoto wa Mount Vernon, mji mdogo uliopo dakika chache tu kutoka Cedar Rapids. Alichaguliwa wa 13 mwaka 2020. Halafu kuna Reese Morgan, na huyu ningependa mwanao amsome vizuri kuliko wote. Alikuwa kocha wa shule ya sekondari, West High ya Iowa City. Ferentz akamchukua, na kuanzia 2003 hadi 2011 akafundisha mstari wa chuo. Hakupitia uchawi wowote. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyejua kufundisha, na mtu anayejua mwalimu ni nini alimwona.

Lakini si wote wanaokaa mahali pamoja. Hapa lazima nikuonyeshe pande mbili. Milt Tenopir alifika Nebraska 1974, naye akitokea kufundisha sekondari, akafundisha mstari hadi 2002, miaka karibu thelathini, chuo kimoja, mji mmoja. Mmoja wa vijana wake, senta Dave Rimington, alishinda tuzo ya Outland, ya mtu bora wa mstari vyuoni, mara mbili, 1981 na 1982, na hakuna mwingine aliyeipata mara mbili hadi leo. Timu ilichukua ubingwa 1994, 1995 na 1997, na watu wa Nebraska wanapotaja enzi hiyo hutaja mstari kabla ya kwotabeki. Upande wa pili kuna Sam Pittman. Alianza sekondari, akaongoza chuo cha jamii cha Hutchinson huko Kansas, halafu hesabu nami: Northern Illinois, Cincinnati, Oklahoma, Western Michigan, Missouri, Kansas, tena Northern Illinois, North Carolina, Tennessee, Arkansas, Georgia. Mwisho wa 2019, akiwa na miaka 58, Arkansas wakamrudisha awe kocha mkuu. Septemba 2025 wakamwachisha, msimu haujafika katikati. Kila jina kati ya hayo ni nyumba iliyofungwa, kila moja ni watu waliojifunza kukupenda ukawaaga.

Mimi nimehama mara tatu. Ya pili ndiyo iliyoniuma. Kocha mkuu wetu alifukuzwa Jumapili saa mbili asubuhi, na kufika saa sita mchana sisi wasaidizi wote tulikuwa tumeambiwa tuache funguo. Mstari wangu ulikuwa na msimu mzuri. Haikusaidia. Kocha mpya huja na watu wake, ndivyo ilivyo, na mkataba wa msaidizi mara nyingi ni wa mwaka mmoja au miwili tu. Binti yangu alikuwa na miaka 6, alikuwa ameshachaguliwa kwenye igizo la Krismasi la shule. Tulibaki hadi igizo liishe, kisha tukapakia gari. Kwa hiyo wanaokuambia kanisani hawakudanganyi. Wanachokosa kukuambia ni kwamba asilimia kubwa ya waliofukuzwa nami siku ile walipata kazi kabla ya mwezi wa tatu, kwa sababu watu wa mstari wanajuana. Kila Januari kuna mkutano wa chama cha makocha, AFCA, na kwenye kumbi za hoteli utaona vijana wenye suti moja na wasifu wao kwenye bahasha, wakisalimia kila anayepita. Kuna pia semina ya makocha wa mstari peke yao ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifanyika Cincinnati, ambapo walimu wa timu za kulipwa wanasimama na kuchora ubaoni siri zao mbele ya kocha wa sekondari. Sijaona ukarimu kama huo kwenye kazi nyingine. Mwanao akiweka akiba ya kwenda hata mara moja, atarudi na daftari lililojaa.

Joe Moore, yule aliyemfundisha Ferentz, naye aliachishwa. Alikuwa Pittsburgh, ambako alilea watu kama Russ Grimm na Jimbo Covert, wote wawili sasa wamo kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kulipwa. Kisha akawa Notre Dame kuanzia 1988, mwaka waliochukua ubingwa. Mwisho wa msimu wa 1996 akaondolewa, akiwa na miaka 64. Akaenda mahakamani, na mwaka 1998 jopo la mahakama likaamua kwamba alibaguliwa kwa umri wake. Alifariki 2003. Tangu 2015 kuna tuzo yenye jina lake, na napenda sana namna inavyotolewa: haipewi mtu mmoja, inapewa mstari mzima. Iowa waliichukua 2016. Mwaka 2024 ilikwenda kwa chuo cha jeshi, Army, ambako vijana ni wadogo wa mwili kuliko karibu kila wanayecheza naye. Mstari wa vijana wadogo, bora kuliko wote nchini. Nilifurahi kama ni wangu.

Pesa. Mratibu au kocha wa mstari wa chuo kikubwa cha SEC au Big Ten, ligi mbili kubwa za vyuo, anaweza kufika dola milioni moja kwa mwaka, au karibu yake. Hao ni wachache. Chuo kidogo kinalipa kama mwalimu wa shule, mara nyingi chini ya hapo, na wakati mwingine kinakupa na kazi ya pili, kama kusimamia jimu au kufua jezi. Kwa GA ni karo, posho na chakula cha wachezaji. Miaka mitano ya kwanza mwanao hatatuma pesa nyumbani, mama, na nakuomba msimtazamie. Najua kwa mtoto wa kwanza wa familia iliyokuja hapa kwa shida hilo ni jambo zito. Semeni wazi kabla hajaondoka, yeye, wewe na baba yake, nani atasaidia wadogo zake katika miaka hiyo. Nimeona vijana wazuri wakiacha kazi hii, si kwa kushindwa uwanjani, ila kwa aibu ya kushindwa kutuma nyumbani.

Kazi yenyewe inabadilika pia. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na kuhama chuo kupitia potali, orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama, bila kukaa nje msimu mzima. Juni 2025 hakimu aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Mtu wa mstari huiva polepole. Ulikuwa ukimchukua na miaka 18, unamlisha, unamfundisha, anacheza akiwa na 21. Sasa ukimwivisha, chuo tajiri kinamchukua Januari. Inauma, sitaficha. Lakini vijana wanastahili malipo yao, nami huwaambia wangu hivyo hivyo wakija kuniaga.

Kuna jambo jingine ambalo wengine wanalikwepa. Mwanao ni mweusi, na kwenye mstari wa mbele makocha weusi ni wachache kuliko kwenye nafasi nyingine. Kwa miaka mingi kocha kijana mweusi amekuwa akisukumwa kufundisha wakimbiaji au wadakaji, na kutumwa kusajili, huku mstari na kwotabeki wakipewa wengine. Nimekaa kwenye mikutano mingi nikiwa peke yangu. Asikubali kusukumwa kando. Mwaka 2020 Mike Locksley, kocha mkuu wa Maryland, alianzisha umoja wa makocha wa jamii za wachache. Ajiunge nao mapema, kwa sababu huko ndiko simu zinakopigwa.

Nikitaja Maryland siwezi kupita bila kumtaja Jordan McNair. Alikuwa kijana wa mstari, miaka 19. Tarehe 29 Mei 2018, kabla ya enzi ya Locksley, alizidiwa na joto kwenye mazoezi ya mbio. Hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu kwa wakati. Alifariki tarehe 13 Juni. Rais wa chuo alikiri wajibu wao, na kocha mkuu aliondolewa mwaka huo huo. Mtu mwenye kilo 140 hapoi kama wewe na mimi. Kila mwezi wa nane, kabla sijafundisha hatua hata moja, naenda mwenyewe kutazama kama birika la maji ya barafu limejazwa na liko hatua ngapi kutoka kwenye mstari wangu. Kijana akiniambia kizunguzungu, mazoezi yake yameisha, hata kama kocha mkuu ananitazama vibaya. Mwambie mwanao, kwa sauti ya mama, kwamba hao anaokwenda kuwafundisha wana mama zao. Sisi tukimwambia anasikia kanuni. Wewe ukimwambia atasikia kitu kingine.

Sasa ushauri. Mwache aende, kwa miaka miwili. Shahada ya biashara haiozi. Benki itakuwapo akiwa na miaka 24, na atakuwa na uzamili mkononi ambao hakuulipia. Ila huo uzamili auchague kwa akili. Wengi wanachukua kozi nyepesi ili wapate muda wa uwanja. Mimi ningemshauri achukue ualimu, apate na leseni ya kufundisha, kwa sababu sekondari za nchi hii zinapenda kocha anayeweza pia kushika darasa, na hiyo ni riziki isiyofutwa siku kocha mkuu anapofukuzwa.

Halafu mpime wewe mwenyewe, usiogope kwamba hujui mpira. Mwite sebuleni, mwambie akueleze kwa Kiswahili kwa nini gadi na tekoli wanakabidhiana watu, na akuonyeshe hatua ya kwanza. Akitumia maneno ya kitaalamu, akachoka, akasema "mama huwezi kuelewa," bado ana safari. Akipanga viti, akakusimamisha wewe uwe tekoli, akarudia kwa njia nyingine pale ulipokwama mpaka ukaelewa, basi huyo ni mwalimu, na mahali pake ni huko anakotaka kwenda.

Kabla hajasaini, asitazame jina la chuo. Aulize ni nani kocha wa mstari atakayekaa naye chumba kimoja, amefundisha miaka mingapi, na ma-GA wake wawili waliopita wako wapi leo. Awapigie simu hao wawili. Kocha mkuu amebakiza miaka mingapi kwenye mkataba wake? Kama ni mmoja, na msimu uliopita ulikuwa mbaya, atafute kwingine. Na barua ya ofa ikifika, kaeni nayo mezani mtafute vitu vitatu ambavyo huwa vinasahauliwa: kama karo ya kiangazi imo, bima ya afya inaanza tarehe gani, na posho inalipwa miezi 12 au 9. Mimi yangu ilikuwa ya miezi 9, sikuisoma, na mwezi wa sita nilikuwa nalala kwenye kochi la senta wangu wa zamani. Msinisahau kwa maswali mengine. Akitaka kunipigia yeye mwenyewe, Jumapili si siku nzuri, lakini Jumatatu usiku nipo.